Kibali cha Kubonyeza Kitufe

Mashine ya gemu iliyoko sebuleni kwangu nimeinunua kwa hela yangu. Inakula LUKU ninayoinunua mimi, imekalia meza niliyochongesha Keko, inapigwa na feni ambayo mimi mwenyewe nikiiwasha naambiwa naharibu umeme. Na bado inanidai kibali. Wiki hii imetandaza maandishi kioo kizima kwamba kifaa nilichochomeka hakijaidhinishwa, nikitoe, nitumie kilichoidhinishwa. Kifaa chenyewe ni pedi. Plastiki, vitufe na waya mmoja. Jumamosi ilikuwa inafanya kazi bila shida, mpwa wangu akinifunga mabao mpaka nikasingizia mwanga wa dirishani. Usiku mashine ikajisasisha sisi tukiwa tumelala, na Jumapili ikaamka imeokoka, haitaki tena urafiki na vitu vya mtaani.

Kampuni iliyoitengeneza siitaji. Wao wana mawakili, mimi nina VICOBA, tena ya mke wangu. Ya nyumbani kwangu yabaki ya nyumbani kwangu. Lakini yapo mambo ambayo wakubwa wa biashara hii waliyatangaza hadharani, na mengine yaligongewa nyundo mahakamani. Hayo ni ya wote, nitayasema.

Mwaka 2023, kwa mfano, Microsoft walifanya hivyo kweupe kwenye Xbox. Ukichomeka pedi ya kampuni isiyo na leseni yao, kioo kinakuonya na kukupa wiki mbili. Kuanzia Novemba, wiki mbili zikiisha, pedi inakuwa pambo la kabati, na namba unayotolewa ni 0x82d60002. Isome tena hiyo namba. Mtu umefukuzwa sebuleni kwako, halafu barua ya kufukuzwa inasomeka kama namba ya chesisi ya gari lililokwama bandarini.

Wapo walioshangilia, na siwalaumu. Kuna vidubwasha vinavyokaa kati ya pedi na mashine, vinamsaidia mtu kupiga risasi mtandaoni bila mkono kutetemeka, ukadhani ni komando kumbe ni kijana wa kidato cha pili anakula mihogo. Hao wazuiwe. Ila kwenye kokoro hilo walinaswa pia watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka wamekuwa wakijiundia pedi zao kwa vipande vya huku na kule kwa sababu pedi ya kawaida imetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili na vidole kumi vyenye utii. Na kinachonichosha ni kwamba kampuni ni hiyo hiyo iliyofanya jambo jema kuliko wote mwaka 2018, ilipotoa pedi maalumu ya walemavu yenye matundu 19 ya waya wa milimita 3.5, kila tundu linasubiri kitufe cha namna yake: cha mguu, cha kiwiko, cha kidevu. Mtu anayeweza kufikiria kidevu cha mwenzake anashindwaje kufikiria pedi ya elfu thelathini na tano?

Ndiyo bei niliyonunulia yangu. Mpwa wangu alikuwa na maoni.

"Anko, si nilikuambia uchukue orijino."

"Orijino shilingi ngapi?"

"Laki mbili kasoro."

"Na pedi hizi mbili unazitofautishaje kwa kuangalia?"

"Hazitofautiani, Anko. Ila mashine yenyewe inajua."

Yenyewe inajua! Nikaipeleka pedi Kariakoo kwa kijana aliyeniuzia. Kijana akaichomeka kwenye mashine yake ya dukani, ikawaka, akaruka nayo juu, chini, kushoto, akafunga bao. "Mzee wangu, pedi nzima hii. Mashine yako ndiyo ina maringo." Akaniambia dawa ni kuzima intaneti. Mashine ikikosa habari za dunia, alisema, inarudi kwenye adabu.

Nikazima intaneti. Mashine ikanyoosha mkono upande wa pili: gemu nililolipia na kulipakua halifunguki mpaka iwasiliane na makao makuu kuhakikisha kwamba bado lina leseni. Yaani nikiwasha intaneti, pedi haramu. Nikizima, gemu haramu. Halali iliyobaki ni kuangalia taa yake ya bluu. Huko California wametunga sheria, imeanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuza vitu vya kidijitali amweleze mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni tu, si mali. Nimeisifu sheria hiyo hadi niliposhtuka kwamba haimzuii mtu kuchukua hela. Inamtaka tu aseme ukweli wakati anazichukua.

Sisi tuliokulia kwenye kaseti za njano mambo haya yanatupa homa. Miaka ya tisini TV gemu iliingia mitaani kwetu ikiwa na pedi mbili, bunduki ya kuwindia bata, na kaseti iliyoandikwa kwamba ndani mna magemu 9999. Ukiyahesabu kwa uaminifu yalikuwa kama kumi na mawili, mengine yote ni yale yale, jamaa kabadilishiwa rangi ya kofia. Lakini ulichomeka kaseti ya jirani, ikakubali. Kaseti ya binamu kutoka Tanga, ikakubali. Isipokubali unaipuliza, kila mtu alikuwa daktari. Hakuna aliyemuuliza bata kama ana kibali cha kupigwa risasi. (Bunduki hiyo nimeijaribu juzi kwenye televisheni hizi bapa. Bata wanapita wakicheka. Ilikuwa inategemea namna televisheni za kichogo zilivyochora mwanga kwenye kioo, na vichogo tumeviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.)

Sababu ya uhuru wetu nimeijua ukubwani. Mashine zile zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, na Famicom haikuwa na kufuli. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES ndipo walipoitia chipu iitwayo 10NES: moja ndani ya mashine, mwenzake ndani ya kila kaseti. Ukiwasha, zinaanza kusalimiana kwa siri. Salamu zisipolingana, mashine inajizima na kujiwasha kila sekunde, taa nyekundu inakonyeza. Kwa hiyo wakati mtoto wa Marekani, nchi ya uhuru, anachunguzwa chipu, mtoto wa Magomeni alikuwa anachomeka chochote.

Nintendo walikuwa na hoja, niwatendee haki. Soko la gemu la Marekani lilianguka mwaka 1983. Mashine ya Atari ilikuwa haina mlango, kila mwenye kompyuta na njaa alitengeneza gemu lake akalipeleka dukani, takataka zikajaa, wenye maduka wakaapa hawataki kuona tena kitu hicho. Nintendo wakasema sisi tutaweka mlango na bawabu. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini bawabu alipokaa kwenye kiti akanogewa. Kampuni iliyopewa leseni iliruhusiwa magemu matano tu kwa mwaka, gemu hilo lisionekane kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na kaseti zenyewe zinatengenezwa na Nintendo, hela mbele. Hapo ndipo mimi na wao tunapoachana.

Wapo waliojaribu kuruka ukuta. Kampuni ya Tengen, tawi la Atari Games, iliwapa mafundi wake kazi ya kuifungua ile chipu, mafundi wakashindwa. Basi mawakili wakaenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani, wakasema wanahitaji nakala ya programu ya kufuli kwa ajili ya kesi. Kesi yenyewe haikuwepo. Wakapewa! Wakarudi nayo, wakatengeneza chipu yao inayotoa salamu zile zile, wakaipa jina la Rabbit. Naapa sijabuni, waliiita Sungura. Wakauza kaseti nyeusi, zikacheza vizuri kabisa, mpaka Nintendo walipoenda mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawa upande wao. Katika hadithi za bibi yangu Sungura alikuwa akishindwa na Kobe tu. Huku kashindwa na hakimu.

Mwaka huo huo ikatoka hukumu nyingine, nzuri mpaka ningeitundika ukutani kama fundi wangu wa fremu asingekuwa mtu wa kesho-kesho. Sega walitengeneza mashine inayokagua kama ndani ya kaseti kuna herufi nne, S, E, G na A. Ikizikuta, inaonyesha kwenye kioo tangazo kwamba gemu hili limetolewa kwa leseni ya Sega. Kampuni ya Accolade ikazifumua programu za Sega, ikagundua siri ya zile herufi, ikaziweka. Sega wakashtaki: mmejitangaza kuwa mna leseni yetu! Ni kama askari wa getini anayekulazimisha utaje jina la bosi wake ndipo upite, na ukishalitaja anakukamata kwa kujifanya ndugu ya bosi. Majaji wa rufaa walisema hapana, kufumua programu ili ujue namna ya kutengeneza kitu kinachoingiliana na mashine ni matumizi halali, na lile tangazo la uongo walilisababisha Sega wenyewe. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Nimemsimulia kijana wa Kariakoo, akanisikiliza kwa heshima zote, akaniuliza kama bado nataka pedi nyingine.

Tuje kwenye waya, maana hapo ndipo presha yangu inapopanda.

Atari ya mwaka 1977 ilikuwa na plagi ya pini tisa. Plagi hiyo hiyo ikaingia kwenye Commodore 64 na kwenye mashine nyingine kadhaa, za kampuni zilizokuwa zinashindana. Watu wa zamani walikuwa wanagombana huku wanaazimana chumvi. Sasa chukua PlayStation, nyumba moja, baba mmoja. Pedi ya PS3 ina tundu dogo la USB la aina ya mini. Ya PS4 ina la micro. Ya PS5 ina la C. Vizazi vitatu, matundu matatu, na droo yangu moja ambayo ukiivuta inatoka nyoka. Ile ya PS3 ina la ziada: ukiichomeka kwenye chaja ya simu ukutani haipokei umeme, inataka ichajiwe na kifaa inachoweza kuzungumza nacho. Umeme ni ule ule wa TANESCO! Na dukani utauziwa waya unaopitisha chaji pekee bila mawasiliano, kwa nje hautofautiani na mwenzake hata kidogo, kwa hiyo pedi ya PS4 inajaa chaji vizuri halafu haiitambui mashine. Imeshiba lakini haijui kwao. Wa Xbox wasicheke, pedi zao mpaka leo zinakuja na betri mbili ndogo, na ndiyo maana katika nyumba zenye Xbox saa ya ukutani haiaminiki.

Halafu kuna suala la ukoo. Pedi ya PS4 inaunganika na PS5 bila kelele. Ukiweka gemu la zamani la PS4, inacheza. Ukiweka gemu la PS5, inaambiwa isubiri nje. Cha kunichefua, usukani wa magari wenye leseni uliotengenezwa kwa ajili ya PS4 unaruhusiwa kwenye magemu ya PS5 yanayoukubali. Usukani ndugu, pedi mkwe. Nintendo nao, kwenye Switch 2 ya mwaka 2025, wamebaki na kaseti, nikafurahi, kumbe nyingine hazina gemu ndani: zina ufunguo tu, gemu lenyewe unalipakua kwa bando lako. Kaseti za njano zilidanganya idadi, lakini angalau ndani mlikuwa na kitu.

Hata kutetemeka kuna mwenyewe. Kampuni ya Immersion ilikuwa na hataza za mtetemo wa pedi, ikawashtaki Microsoft na Sony mwaka 2002. Microsoft wakapatana mapema. Sony wakakaza shingo, na PS3 ilipotoka mwaka 2006 pedi yake ilikuwa nyepesi, imetulia tuli, gari likigonga ukuta wewe mikononi husikii kitu. Tukaambiwa mtetemo unaingilia vipima mwendo. Sony walipomalizana na Immersion mwaka 2007, mwaka huo huo ikatoka pedi yenye vipima mwendo na mtetemo pamoja. Ajabu ya dawa hiyo.

Mpwa wangu anasema nalalamika sana kuhusu vitu vinavyoshikika, wakati shida halisi ni anwani. Alipofungua akaunti kwenye mashine yetu, orodha ya nchi ilishuka, ikashuka, ikafika T, ikaturuka. Kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni hiyo, familia yangu inaishi London, kwenye uwanja wa Arsenal. Si karibu na uwanja, ni uwanjani. Kadi ya kuongeza salio lazima iwe ya paundi, inanunuliwa kwa kijana wa Sinza aliye na shemeji Uingereza, na kila Krismasi tunapokea barua pepe inayotutakia heri ya baridi. Na hatuko peke yetu katika ukimbizi huu. Mtandao wa PlayStation haujaiweka Tanzania wala Kenya kwenye orodha yake. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo kwa lazima, gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, watu wakiwa wameshalilipia. Kelele zilizopigwa dunia nzima ziliwafanya wabadili uamuzi ndani ya siku chache.

Kwenye mpira sasa, ndipo leseni ilipotufundisha jiografia. Vijana wa mabanda ya PlayStation waliocheza PES wanajua kwamba zamani Chelsea ilikuwa inaitwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, na Manchester United ni Man Red, kwa sababu Konami hawakuwa na leseni ya ligi. Watu waligombana mpaka kupasuana midomo kwa ajili ya timu isiyokuwepo duniani. Kwenye FIFA 20 ikawa zamu ya Juventus, ikabatizwa Piemonte Calcio, Ronaldo yumo ndani kama kawaida na jezi isiyo yake. Mwaka 2023 jina la FIFA lenyewe likatoweka kwenye gemu, EA wakaanza kuliita FC baada ya mkataba wao na shirikisho kuisha. Simba na Yanga hawajaingia huko kwa mlango wowote. Vijana wanabandika jezi zao kwenye Dream League Soccer ya simu, ambako ukiweka anwani ya picha jezi inavaliwa, na hakuna 0x82 ya kumsumbua mtu.

Basi nilipokata tamaa nikanunua orijino. Laki mbili kasoro, na risiti. Mashine ikaitambua kabla sijaketi. Nilipotoka kazini jana nikakuta viatu mlangoni kama msikitini, watoto wa mtaa mzima sebuleni, na juu ya televisheni kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: *Pedi za kutoka nje haziruhusiwi. Mechi moja mia tano.*

"Hii nini?"

"Anko, pedi wanazoleta zinaharibu mashine," mpwa akasema, macho kwenye mpira. "Wacheze na ya kwetu."

"Na hela?"

"Ya matunzo."

Nikaketi, nikaomba mechi moja, mashine ni yangu, pedi ni yangu. Akasitisha mchezo, akanitazama kwa huruma ya mtu mwenye madaraka.

"Wewe ni ndugu, Anko. Utatoa mia tatu."